Aundh: Raja Aliyewarudishia Wanakijiji Utawala

Hotuba iliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji



 Leo hatutasema juu ya mishahara wala juu ya bei ya unga. Tunataka kuwasimulia habari za nchi moja ndogo sana ya India, jina lake Aundh. Mtauliza: nchi hiyo inatuhusu nini sisi? Ngojeni kidogo, mtaona.

Sote tunamjua Muhindi. Muhindi wetu ni mtu wa duka. Anapima kitambaa, anauza baisikeli na taa, anaandika deni katika buku lake na halisahau. Basi tukisikia neno India tunafikiri duka kubwa sana. Lakini India ni nchi ya wakulima, na wakulima wake kwa miaka mingi walikuwa chini ya wageni kama sisi tulivyokuwa. Hata neno laki, ambalo Waswahili wanalitumia wakihesabu elfu mia, limetoka kwao. Aundh yote, na raja wake na watoto wachanga, haikufika watu laki moja.

Sharti kwanza mjue jinsi Waingereza walivyoishika India. Hawakuishika yote kwa namna moja. Sehemu kubwa waliitawala wenyewe, na magavana wao na polisi wao. Sehemu nyingine waliwaachia wafalme wenyeji, walioitwa raja, maharaja au nawabu. Nchi hizo za wafalme zilikuwa zaidi ya 560. Nyingine zilikuwa kubwa kweli: Hyderabad peke yake ilipita kilometa za mraba 200,000. Nyingine zilikuwa vijiji vichache tu na nyumba moja ya ghorofa. Kila mfalme alikaa katika kiti chake na kuvaa mapambo yake, lakini juu yake alikuwako Mwingereza aliyeitwa Resident, na neno la Resident ndilo lilikuwa la mwisho. Mfalme aliyekataa kusikia aliondolewa.

Ninyi mnajua jambo hilo bila kufundishwa. Wakati wa Wabelgiji tulikuwa na wachifu wa medali. Mtu alivikwa medali shingoni, watu wakaambiwa huyu ndiye mkubwa wenu, na kesho yake akatumwa kukusanya kodi. Waingereza hawakutumia medali tu, walitumia mizinga. Mfalme mkubwa kabisa alipigiwa mizinga 21 alipofika mahali, aliyemfuata 19, halafu 17, mpaka 9. Wafalme wazima waligombana kwa ajili ya mizinga miwili. Mfalme wa Aundh hakupigiwa hata mmoja. Alikuwa mdogo mno kuhesabiwa.

Nchi yenyewe ilikuwa upande wa magharibi wa India, kusini ya mji wa Poona, karibu na Satara. Eneo lake lilikuwa kama kilometa za mraba 1,300, na vijiji vyake 72. Lakini msifikiri ilikuwa kitu kimoja kilichozungushiwa mpaka. Ilikuwa kama viraka juu ya suruali ya kazi: kiraka cha Aundh hapa, cha Kundal kule, cha Atpadi mbali, na cha Gunadal mbali zaidi. Mtu akitaka kwenda kutoka kiraka kimoja mpaka kingine alipita katika ardhi ya Waingereza au ya raja mwingine. Tena ni nchi kavu. Milima ya magharibi inazuia mawingu, na mvua inabaki upande wa bahari. Huko wanalima mtama na uwele, wanachunga kondoo, na miaka mingine mvua haifiki kabisa.

Ukoo wa raja haukuanza kwa ufalme. Ulianza kwa ukarani. Mzee wao mmoja alikuwa karani wa kijiji cha Kinhai, mwenye kuandika hesabu ya mashamba na kodi. Mwanawe, Parshuram Trimbak, aliwatumikia wafalme wa Wamaratha katika vita vyao na mfalme mkubwa wa Delhi, Aurangzeb, mwishoni mwa karne ya 17. Kwa kazi hiyo alipewa cheo cha Pratinidhi, maana yake mwakilishi, mtu anayesimama mahali pa mfalme. Cheo hicho kikabaki katika ukoo wake. Basi mjue kwamba jina la raja huyu tangu mwanzo lilikuwa jina la mtu anayeshika kitu kwa niaba ya mwingine. Tutalikumbuka mbele.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ugomvi wa wakubwa na hatutakaa hapo sana. Lakini kuna jambo moja ambalo akina mama wasikie. Mnamo 1806, waziri mkuu wa Wamaratha alituma jemadari wake kumkamata Pratinidhi wa wakati huo na kumnyang'anya nchi. Wanaume wa vita walishindwa. Aliyebaki kupigana alikuwa mwanamke wa ukoo wa wakamua mafuta, watu waliohesabiwa wa chini, jina lake Tai Telin. Alijifungia katika ngome ya Vasota, juu ya mlima katikati ya pori, akawazuia askari wa jemadari kwa miezi. Ngome ilianguka mwishowe, lakini jina lake lilibaki midomoni mwa watu.

Halafu walikuja Waingereza. Mwaka 1818 walimshinda waziri mkuu yule yule, na mwaka 1820 waliandikiana mkataba na Pratinidhi: abaki na ardhi yake chini ya raja wa Satara. Mwaka 1848 raja wa Satara alikufa bila kuacha mtoto wa kumzaa. Waingereza wakakataa kumkubali mtoto aliyelelewa, wakaitwaa Satara yote. Toka siku hiyo Aundh ikawa chini ya Waingereza moja kwa moja. Miaka 61 baadaye, mwaka 1909, walimwondoa raja mmoja wa Aundh ambaye hawakumtaka, wakamweka mtu wa ukoo huo huo. Huyo ndiye mtu wa habari yetu: Bhawanrao Pant Pratinidhi, aliyezaliwa mwaka 1868.

Tusiseme uongo: aliingia kwa mkono wa Waingereza. Wachifu wengi walioingia hivyo walibaki hivyo. Huyu hakubaki.

Alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Alisoma Poona mpaka akapata shahada. Alichora picha kwa mkono wake mwenyewe, nyingi za hadithi ya Rama. Aliimba sifa za miungu mbele ya watu wake. Kila asubuhi alifanya mazoezi ya kulisalimia jua, kuinama na kunyooka, kuinama na kunyooka, na aliwafanyisha watoto wote wa masomo ya nchi yake. Watu wengine walimcheka. Siku hizi mazoezi hayo yanafanywa ulimwenguni kote na watu wanaolipa fedha kufundishwa, na wengi wao hawajasikia jina la Aundh.

Lakini ninyi ni watu wa kiwanda na mgodi, basi tuwaambie kwanza habari ya kiwanda.

Palikuwa na mtu jina lake Laxmanrao Kirloskar. Alikuwa mwalimu, akaacha ualimu, akaanza kuuza na kutengeneza baisikeli katika mji wa Belgaum. Kutoka baisikeli akaendelea kutengeneza mashine za kukata majani ya ng'ombe, halafu majembe ya chuma ya kukokotwa na ng'ombe. Wakulima walikuwa na majembe ya mti. Walipoona la chuma walikataa. Walisema chuma kitatia sumu katika udongo. Majembe ya kwanza yalikaa miaka miwili bila mnunuzi. Tena serikali ya mji ikamwambia ahamishe kiwanda chake, kwa sababu mahali pale palitakiwa kwa mtaa mpya. Mtu amekwisha: mali haiuziki, na nyumba inavunjwa.

Raja wa Aundh alikuwa anamjua Kirloskar, kwa sababu alikuwa amemfanyia kazi ya ujenzi katika hekalu la mungu wa kike Yamai. Akamwambia: njoo kwangu. Akampa ardhi karibu na stesheni ya Kundal, akamkopesha na fedha. Ardhi yenyewe ilikuwa miiba mitupu na nyoka. Mwaka 1910 Kirloskar alihamia huko na wafanyakazi wake 25 na wake na watoto wao. Walikata miiba, wakaua nyoka, wakajenga karakana, halafu nyumba, halafu masomo. Mahali pakaitwa Kirloskarwadi, yaani kijiji cha Kirloskar.

Sisi tunajua kampi za wafanyakazi. Tunajua namna kampuni inavyojenga nyumba kwa mstari, ikaweka kapita mbele na polisi nyuma, ikaita hiyo hisani. Hatusemi Kirloskarwadi ilikuwa mbinguni, kwani mwenye kiwanda alibaki mwenye kiwanda. Lakini tazameni tofauti moja. Mashine hizo zilitengenezwa na wenyeji, katika ardhi ya wenyeji, ziuzwe kwa wakulima wenyeji, na mafundi walifundishwa kazi yote toka mwanzo mpaka mwisho, siyo kushika koleo tu. Kiwanda kile kilikua kikawa kampuni kubwa. Mpaka leo Kirloskarwadi inatengeneza pampu za maji. Na yote yalianza kwa sababu raja mmoja asiye na mzinga hata mmoja alimpa fundi mahali pa kusimama.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1937 mtoto wa raja, Apa Pant, alirudi kutoka Uingereza, alikosoma Oxford na kupata uwakili. Alikuwa kijana wa miaka 25, akawekwa kuangalia mambo ya elimu. Alikuwa na rafiki mmoja ambaye hamtamtazamia: Mzungu, Myahudi wa Poland, mwinjinia wa umeme, jina lake Maurice Frydman. Frydman alikuwa mkubwa wa kiwanda cha serikali cha vyombo vya umeme katika mji wa Bangalore. Lakini alikuwa amenyoa kichwa na kuvaa nguo ya mtawa wa Kihindi. Mshahara wake aliwagawia maskini. Mzungu wa namna hiyo sisi hatukupelekewa.

Wakati ule India yote ilikuwa inachemka. Katika sehemu za Waingereza watu walidai uhuru. Katika nchi za wafalme watu walidai pia: walisema, tukimfukuza Mwingereza tukabaki na raja anayetula, tumepata nini? Wafalme wengi walijibu kwa fimbo na gereza. Raja wa Aundh, akiwa na umri wa miaka 70, alijibu kwa namna nyingine. Mwezi wa Novemba 1938 alitangaza kwamba atawapa watu wa Aundh utawala wote wa nchi yao.

Frydman ndiye aliyesaidia kuandika tangazo. Halafu Frydman na Apa wakachukua maandishi ya sheria mpya wakaenda kwa Gandhi, katika kijiji alichokaa, wakamwonyesha. Gandhi hakuwapigia makofi tu. Aliwasumbua kwa maulizo. Alitaka wenye kupiga kura wajue kusoma na kuandika, ili nchi ilazimike kufundisha watu wake. Alitaka pia raja mwenyewe apunguze matumizi yake na aishi maisha ya wepesi, watu wamwone. Jambo la kusoma tunalipima kwa mashaka. Ni hatari kumwambia mtu kwamba hatapiga kura mpaka ajue herufi, maana wakoloni wote walitumia ufunguo huo huo kufunga mlango. Tofauti ilikuwa kwamba Aundh waliufunga mlango kwa mkono mmoja na kuwapa watu ufunguo kwa mkono wa pili: walifungua madarasa ya watu wazima vijijini. Kila mmoja wenu aamue kama hiyo ilitosha. Sisi bado tunaona ilikuwa kasoro.

Mwezi wa Januari 1939 sheria ilitoka. Ilifanya hivi. Kila kijiji kilichagua watu watano, baraza linaloitwa panchayat, na neno panch maana yake ni tano. Wakubwa wa mabaraza ya vijiji walikaa pamoja kuwa baraza la wilaya. Mabaraza ya wilaya yalipeleka watu wao kwenye baraza kuu la nchi, na mawaziri walijibu mbele ya baraza hilo. Sehemu ya kodi ya ardhi haikupanda kwa raja, ilirudi chini kwa kazi ya vijiji: kisima, njia, masomo. Mashauri madogo yalisikizwa kijijini, mbele ya watu wanaowajua mshtaki na mshtakiwa na ng'ombe anayegombaniwa, bila mtu kutembea siku mbili na kulipa wakili. Na fedha za raja mwenyewe ziliwekewa kikomo.

Mtaona kwamba jengo hili lilianza chini. Serikali nyingi zinajengwa kama nyumba inayoanzwa na mabati: mji mkuu unachagua, halafu unatuma watu wake vijijini. Hapa kijiji ndicho kilikuwa msingi, na mji mkuu ulipata nguvu zilizobaki. Raja aliyekuwa na cheo cha mwakilishi akawa mwakilishi kweli.

Wakoloni walisema nini juu ya watu kama hao? Mnalijua neno hilo, tulilisikia sisi pia: hawajakomaa. Wakulima wa mtama, wachunga kondoo, watu wa matabaka yaliyogawanyika, wengi hawajui herufi, watatawalaje? Sharti wangoje miaka mingi, kama mtoto. Sasa Aundh ilifanya katika miezi, na siyo katika mji wa mawakili, ila katika nchi ya ukame. Hawakuchinjana. Hesabu ziliandikwa. Pale ambapo baraza lilikuwa na watu wabaya, wanakijiji waliwaona haraka kwa sababu wanakaa nao mlango kwa mlango. Wako watu walioanza kwa kutoamini. Mkulima akiambiwa na mfalme, chukua utawala, anauliza moyoni: huu ni mtego gani tena? Ilimpasa Apa na Frydman watembee kijiji kwa kijiji, walale huko, wale huko, waeleze tena na tena.

Frydman aliomba jambo jingine. Aliomba wafungwa. Alisema apewe watu waliofungwa kwa makosa makubwa, wakae mahali pasipo ukuta, walime. Raja alikubali. Mwaka 1939, karibu na Atpadi, palianzishwa mahali panapoitwa Swatantrapur, maana yake mji wa uhuru. Hapakuwa na waya wala minyororo. Wafungwa walilima, na familia zao ziliweza kuja kukaa nao. Jambo hilo lilimpa mtengeneza filamu V. Shantaram hadithi ya filamu yake ya mwaka 1957, Do Aankhen Barah Haath, ya mlinzi mmoja na wafungwa sita. Filamu hiyo ilipata tuzo Berlin mwaka 1958. Sisi ambao baba zetu walijua kiboko cha asubuhi, mapigo yaliyohesabiwa mbele ya watu, tunaposikia habari ya gereza bila ukuta tunataka kuisikia mara mbili.

Halafu ulikuja mwaka 1942. Gandhi na chama cha Congress waliwaambia Waingereza waondoke India, na Waingereza waliwafunga viongozi wote. Katika wilaya ya Satara watu hawakukaa kimya. Chini ya Nana Patil walianzisha serikali yao ya siri, yenye mahakama yake na vijana wake wa ulinzi. Vijana hao tarehe 7 Juni 1943 walisimamisha treni karibu na Shenoli wakachukua fedha za mishahara iliyokuwa inabeba. Na makao yao makubwa yalikuwa wapi? Kundal, katika ardhi ya Aundh. Viraka vile tulivyocheka mwanzoni sasa vilikuwa na faida. Polisi wa Waingereza alimfukuza mtu mpaka kwenye mpaka, na mbele yake palikuwa nchi ya raja. Mtu aliyewindwa alivuka shamba moja tu akapumua. Aundh iliwaficha, na Waingereza walijua, na raja alijua kwamba wanajua. Kumbukeni kwamba ni wao waliomweka katika kiti.

Ndugu, mngependa tumalize hapo. Lakini habari haimaliziki hapo.

Tarehe 15 Agosti 1947 India ilipata uhuru. Serikali mpya ya Delhi ilikuta vipande zaidi ya 560 na ikataka nchi moja. Ilikuwa na haki. Nchi haiwezi kuwa na forodha kila kilometa 20, na wafalme wengi walikuwa mzigo tu juu ya watu wao. Nchi ndogo za Deccan, Aundh ikiwamo, zilijaribu mwaka 1947 kuungana zenyewe, lakini muungano huo haukudumu. Katikati ya hayo, tarehe 30 Januari 1948, Gandhi aliuawa. Aliyemwua alikuwa Mbrahmani wa Poona. Hasira ikawageukia Wabrahmani wote wa pande zile. Katika pande za Satara na Kolhapur nyumba zilichomwa, na Kirloskarwadi pia, mali ya Wabrahmani, ilichomwa moto. Karakana ambazo wafanyakazi 25 walizianza kwa kukata miiba ziliungua mikononi mwa majirani. Tunawaambia hilo kwa sababu hatutaki mtoke hapa mkidhani kwamba mabaraza ya vijiji yalifuta matabaka. Hayakufuta. Miaka tisa siyo mingi.

Tarehe 8 Machi 1948 Aundh iliingizwa katika jimbo la Bombay. Raja alitia saini bila vita. Sheria ya 1939 ilikufa siku hiyo. Watu watano wa kijiji waliokuwa wanaamua shauri la mpaka wa shamba waliambiwa kwamba sasa kuna afisa, na afisa atatoka mjini na karatasi zake. Kwa hiyo mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu: nchi yote ilipata uhuru, na vijiji 72 vilipoteza sehemu ya uhuru vilivyokuwa navyo. Hakuna aliyewaonea kwa makusudi. Wakubwa wa Delhi walikuwa na wafalme mamia mbele yao, na hawakuwa na wakati wa kutofautisha raja mmoja mzee na wengine. Walipiga mstari mmoja juu ya wote.

Wako watakaosema haikuwezekana kufanya vingine. Huenda. Lakini sheria ya kijiji kuwa na baraza lake haikuwa na sababu ya kufa pamoja na kiti cha raja, na ushahidi ni kwamba India yenyewe ilirudi huko. Mwaka 1959 ilianza tena mabaraza ya vijiji, kwanza katika Rajasthan, na mwaka 1992 iliyaandika katika katiba ya nchi, yakaanza kazi kisheria mwaka 1993. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kufika mahali ambapo wachunga kondoo wa Atpadi walikuwa wamekwisha kusimama.

Raja Bhawanrao alikufa mwezi wa Aprili 1951. Picha na sanamu alizokusanya bado ziko Aundh, katika nyumba ya makumbusho aliyoijenga penye kilima cha Yamai mwaka 1938, mwaka ule ule wa tangazo.

Alipokufa, mtoto wake hakuwa India. Mwaka 1948, Aundh ilipokwisha, waziri mkuu Nehru alimtuma Apa Pant kuwa mwakilishi wa India katika Afrika ya Mashariki. Alikaa Nairobi. Huko hakukaa na Wahindi wa maduka peke yao. Alifanya urafiki na Jomo Kenyatta na Mbiyu Koinange, akawapokea Waafrika nyumbani kwake mezani, akasaidia vijana wa Afrika wapate nafasi za kwenda kusoma India. Walowezi wa Kenya walikasirika sana, na serikali ya Waingereza ilipeleka malalamiko Delhi. Mwaka 1954 aliondoka.

Na tuliwaambia mngoje. Toka mwaka 1950, karatasi za kazi ya Apa Pant hazikutaja Kenya, Uganda na Tanganyika tu. Alikuwa pia konseli mkuu wa India kwa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Miaka ile ambapo mabwana wa hapa walikuwa wanatuambia kwamba tungoje, kwamba jambo hili ni la watoto wa watoto wetu, mtu aliyepewa ruhusa ya kusema nao kwa jina la India huru alikuwa yule yule aliyetembea kijiji kwa kijiji katika Aundh, akiwaeleza wakulima wasiojua herufi namna ya kuchagua watu watano.

Tumesema mengi. Mwenye ulizo asimame, na akina mama waanze.